Nusu Saa ya Ada

Desemba 2015 nilikuwa mwalimu mkuu wa chekechea moja ya binafsi pale Pasua, Moshi. Serikali mpya ilikuwa imetangaza elimu bila malipo kuanzia Januari 2016, toka darasa la awali mpaka kidato cha nne. Ada ya shule ya msingi ilishafutwa zamani. Kilichokuwa kikiwaumiza wazazi ni michango, na sasa nayo ikapigwa marufuku. Huku kwetu fomu za kuendelea na mwaka mpya zikawa zinarudi kwa kusuasua. Wazazi waliozoea kupiga soga getini wakawa wanashusha mtoto na kuondoka mbio.

Mkurugenzi akachapisha bango. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo: mtoto wa Kizungu kavaa joho la mahafali, sijui walimtoa wapi, na maandishi mekundu, "Nafasi Bado Zipo".

"Mama, hili litaita wageni," nikamwambia. "Tulio nao ndio wanaotuponyoka."

Akaguna. "Basi nenda kawaulize."

Nikaenda soko la Mbuyuni, maana wengi wa mama zetu walikuwa wanauza huko. Mama mmoja wa ndizi akanipindulia ndoo nikae, huku mwenyewe akiendelea kukatakata mkungu wa mshare, utomvu umemganda vidoleni.

"Mwalimu, sina ugomvi na nyie. Mtoto anasoma silabi, mpaka anamsahihisha baba yake. Ila nyie mnamtoa saa sita. Huko kwa serikali watamtoa saa tano na nusu, bure. Kwa hiyo ada yote hiyo nalipia nusu saa?"

Nilikosa la kujibu. Mimi hotuba yangu nilikuwa nimeipanga juu ya Kiingereza na idadi ya watoto darasani. Yeye alikuwa anafunga biashara saa kumi na moja, na mchana kutwa mtoto anashinda kwa jirani anayelipwa.

Tulibishana na mkurugenzi karibu wiki nzima. Januari tukafungua na ratiba mpya: watoto wanakaa hadi saa kumi na moja, wali maharage mchana, mikeka ya kulalia, na ada inapokelewa hata kwa wiki. Wako waliohama hata hivyo. Mama wa ndizi alibaki, akalipa wiki mbili za kwanza, kisha akauliza, "Na Jumamosi je?"

Jumamosi tulikataa. Walimu nao wana nguo za kufua.