Mzee wa Makaa na Njiwa Wake

Nilipokuwa muuguzi katika wodi ya mapafu mjini Liège, Ubelgiji, tulimpokea mzee wa Kiitalia aliyechimba makaa ya mawe tangu ujana wake hadi mgodi wa Blegny, wa mwisho katika mkoa huo, ulipofungwa mwaka 1980. Vumbi la makaa na sigara vilikuwa vimemharibu mapafu kiasi kwamba hata kufunga vifungo vya shati kulimfanya atwete. Dawa alizostahili alikuwa akizipata zote, lakini jioni pumzi ilimbana, akang'ang'ania kingo za kitanda huku macho yamemtoka, akiamini kwamba anakufa.

Mimi nilikuwa nimejifunza hipnosi, yaani kumwongoza mtu kwa maneno hadi akili yake izame katika taswira na kutulia, jambo lisilo geni mjini humo, kwani daktari Marie-Elisabeth Faymonville alianza mwaka 1992 kuitumia, pamoja na ganzi, kwa wagonjwa waliopasuliwa wakiwa macho. Kwa mtu aliyekosa pumzi, hata hivyo, kazi ni nyingine. Hofu humfanya aheme haraka. Akihema haraka, hewa iliyomo mapafuni haipati muda wa kutoka, kifua hujaa, pumzi mpya haina pa kuingia, na hofu huzidi. Kumwambia "vuta pumzi ndefu" ni kumwongezea mateso, na huniuma kila ninapolisikia neno hilo wodini.

Jioni moja nilimkuta akipumua mara 32 kwa dakika. Nilipomwomba aipime adha yake kuanzia 0 hadi 10, alininyooshea vidole vinane. Sikuitaja pumzi kabisa. Nilijua kwamba, kama wachimbaji wengi wa huko, alifuga njiwa wa mashindano, wale wanaoachiwa mbali washindane kurudi nyumbani, basi nikamwomba afumbe macho, aingie bandani kwao, anuse mahindi makavu, kisha ashike njiwa mmoja na kulisikia joto la kifua chake viganjani. Nilizungumza polepole, nikihakikisha maneno yangu yanaangukia pale alipokuwa akitoa pumzi: "Mwachie aende... mtazame anavyokwenda..." Vidole viliachia kingo za kitanda kimoja kimoja, mabega yakashuka, na nilipohesabu tena nikapata pumzi 22. Kipimo cha oksijeni kidoleni kilibaki asilimia 90, vilevile kama mwanzo, ila safari hii alinionyesha vidole vinne.

"Binti yangu," akasema kwa Kifaransa chake cha Kiitalia, ambacho mimi mzaliwa wa Bukavu nilikielewa bila taabu, "yule alikuwa jike la kijivu. Alirudi kutoka Barcelona kabla ya wote."

Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani nilimfundisha kuianza safari hiyo ya mawazo peke yake, kwa kubana kidole gumba na cha shahada, ili aitumie katikati ya ngazi zilizokuwa zikimtisha. Bintiye akaniuliza kama sasa anaweza kupunguziwa dawa. Nilimkatalia, nikamweleza kwamba mapafu ni yaleyale na kwamba oksijeni, dawa za kuvuta na mazoezi ya viungo viendelee kama daktari alivyoagiza.