Ukitaka nyumba ijizime yenyewe, anza na joto

Sisi tunaoishi nchi za baridi tunajua bili ya nishati inavyopanda ikifika Novemba. Ndugu wanaohamia nyumba yao ya kwanza huku huniuliza wanunue balbu zipi za kuwasha kwa simu. Nawaambia taa zisubiri, washughulikie joto kwanza.

Piga hesabu. Hita ya umeme ya wati 2000 inakula yuniti 2 kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 lazima iwake zaidi ya saa 200 ndipo ifikishe kiasi hicho. Kwenye nyumba za Umoja wa Ulaya, kupasha vyumba joto peke yake huchukua zaidi ya nusu ya nishati yote ya nyumbani. Maji ya moto nayo yana fungu kubwa. Hela inaishia huko.

Kuna imani imeota mizizi kati yetu, kwamba kuacha hita inawaka kutwa nzima ni nafuu kuliko kuizima na kuiwasha tena. Kwa nyumba nyingi si kweli. Kadiri ndani kunavyozidi kuwa na joto kuliko nje, ndivyo joto linavyotoka kwa kasi. Nje kukiwa nyuzi sifuri, nyumba yenye nyuzi 21 inapoteza joto zaidi kila saa kuliko iliyoachwa ishuke hadi 16. Nishati ya kuipandisha tena haizidi ile uliyookoa wakati imepoa. Anayetumia pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, ndiye wa kuangalia vingine: mashine hiyo inapenda kwenda taratibu, na baadhi yake ukizishusha sana, zikitaka kupanda haraka huwasha koili ya umeme ya akiba, na faida inayeyuka.

Hapo ndipo themostati inayojiendesha, yaani kifaa kinachopima joto la ndani na kulipandisha au kulishusha chenyewe, inapolipa. Ya ratiba inamfaa mwenye saa za kazi zisizobadilika. Lakini wengi wetu tunapiga shifti, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana, na ratiba inakuwa kero. Kwa watu wa namna hiyo napendekeza mfumo unaotambua simu: ya mwisho ikiondoka nyumbani joto linashuka, ya kwanza ikikaribia linapanda. Mkiwa mnaishi wengi, kubalianeni kwanza nani simu yake ifuatwe. Mtu ana haki ya kutoka na kurudi bila kuandikwa popote.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kihisi cha dirisha. Ni vipande viwili vidogo, kimoja chenye sumaku kwenye dirisha na kingine kwenye fremu. Dirisha likifunguliwa vinaachana, taarifa inakwenda kwenye vali ya rediata (lile pasha-joto la ukutani linalopitisha maji ya moto), na vali inafunga. Ukifunga dirisha, joto linarudi. Kufungua madirisha ni lazima, la sivyo unyevu wa kuoga na kuanika nguo ndani unazaa ukungu ukutani. Kwa kihisi hiki unapitisha hewa safi bila rediata kuendelea kupasha joto hewa ya nje.

Ukishamaliza joto, nunua plagi inayopima umeme uipitishe kwenye vifaa kimoja kimoja. Ving'amuzi vya zamani vinashangaza: kinachovuta wati 12 huku kimezimwa kwa rimoti kinamaliza yuniti 105 kwa mwaka. Weka plagi ya kukikata usiku. Usiiache plagi kila mahali, maana nayo inakula karibu wati moja. Kwa chaja ya simu haina maana yoyote.

Wapangaji, chagueni vali za rediata zinazojiendesha ambazo unazifunga mwenyewe kwa kuzizungusha kwa mkono, na vihisi vya betri. Vali za zamani zitunzeni, mkihama mzirudishe. Themostati ya kuunganishwa na waya za ukutani inahitaji ruhusa ya mwenye nyumba na fundi anayejua kazi. Mkinunua, angalieni kama kifaa kinaweza kuendeshwa na kituo cha hapo hapo nyumbani, kwa mfano vifaa vya Zigbee, vinavyowasiliana kwa redio humo humo ndani. Kinachotegemea seva ya kampuni peke yake, siku seva ikifungwa kimekufa. Programu ya Home Assistant ni ya bure na inaendesha vifaa vya kampuni nyingi pamoja.

Sasa la usalama. Hita ya kubebeka usiiwashe kwa simu ukiwa mbali. Huoni kama pazia limeigusa au mtoto ameitupia nguo. Plagi ndogo zisizohimili mzigo wake huchemka hadi kuyeyuka. Tangi la maji moto nalo usilishushe ovyo: kawaida hushauriwa liwekwe nyuzi 60, kwa sababu kwenye maji ya vuguvugu bakteria wa Legionella huzaliana. Hapo badilisha muda wa kuwaka tu, hasa kama mkataba wako una bei ya chini ya usiku.