Swali la Wathesalonike

Majilio yameanza, na kama nifanyavyo kila mwaka majira haya, nimeyaacha kwanza masimulizi ya Bethlehemu ili nitafakari kule kuja kwa pili kwa Kristo, ambako masomo ya Jumapili ya kwanza hukugusia kabla ya hori na wachungaji. Safari hii nimekaa na Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, ambao wataalamu wengi huuweka mnamo mwaka 50 au 51, na ambao huenda ndio maandishi ya kale kuliko yote katika Agano Jipya. Paulo aliondoka Thesalonike usiku kwa sababu ya ghasia, akawaacha waumini ambao imani yao ilikuwa bado changa. Baadaye Timotheo akamletea habari zao.

Katika habari hizo lilikuwamo jambo lililowasumbua. Watu hawa walikuwa wameziacha sanamu na kumgeukia Mungu, wakimngojea Mwanawe kutoka mbinguni, nao walimngojea kwa maana halisi, kama mtu anayeweza kufika kabla ya mavuno yajayo. Kisha baadhi yao wakafa. Je, ndugu hao wangeikosa siku yenyewe? Sisi leo tukisikia habari za kurudi kwa Kristo huwa tunauliza ni lini, na wapo wanaochukua kalamu wakapiga hesabu; wao waliuliza habari za wafu wao. Kwangu mimi, swali lao lina uzito kuliko letu.

Paulo hawapi tarehe. Anawaambia kwamba “sisi tulio hai, tutakaosalia” hatutawatangulia waliolala, na maneno hayo yanaelekea kuonyesha kwamba hata yeye alijihesabu miongoni mwa watakaoiona siku hiyo. Waliokufa watafufuliwa kwanza, kisha wote pamoja watamlaki Bwana. Thesalonike, makao makuu ya jimbo la Makedonia, haukuwa mji mgeni kwa mapokezi ya wakubwa, ambapo watu hutoka nje ya malango kumpokea mgeni na kuingia naye mjini. Huenda msomaji wa kwanza aliiona picha hiyo mara moja. Ndiyo maana sishangai kwamba mistari hii husomwa sana kwetu makaburini, kwa kuwa iliandikiwa wafiwa tangu mwanzo.

Miaka ilipita, na kizazi kile kikazikwa. Katika Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza, sala ya baada ya mlo mtakatifu bado inaomba neema ije na ulimwengu huu upite, kisha inafungwa kwa Maranatha, neno la Kiaramu ambalo kwa kawaida hufasiriwa “Bwana wetu, njoo”. Lakini Waraka wa Pili wa Petro unawataja watu wenye dhihaka wanaouliza iko wapi ahadi ya kuja kwake, nao unawajibu kwamba siku moja kwa Bwana ni kama miaka elfu. Jibu hilo ni zuri, ingawa nakiri kwamba halinigusi kama lile la Paulo, labda kwa sababu aliyeulizwa hapa ni mtetezi wa mafundisho, si mfariji.

Mtu ninayemrudia zaidi ni Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini. Mnamo mwaka 197 hivi, akiwatetea Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi, aliandika kwamba wao huwaombea makaisari, huuombea ulimwengu amani, na huomba mwisho ucheleweshwe. Lakini katika kitabu chake kuhusu sala, akifafanua maneno “ufalme wako uje”, anawashangaa wanaoomba dunia iongezewe muda, ilhali ufalme wanaouomba ndio utakaoihitimisha. Wapo watakaosema kwamba hapo kwanza alikuwa akizungumza na serikali na hapa na waumini wenzake, na huenda ni kweli. Mimi naona kwamba zote mbili zilikuwa sala zake, na kwamba aliziomba kwa moyo mmoja.