Dogo kaswali Alfajiri ya Jumapili, siku ya Ijumaa

Assalaam alaykum wadau, nimepotea humu, majukumu tu.

Kuna programu ya malezi tunafanya kwenye shule moja ya sekondari hapa Moshi, kila kijana anapewa wanafunzi watano wa kidato cha pili, mkitoka swala ya Ijumaa mnakaa duara barazani msikitini mnaongea kama nusu saa hivi. EDK (Elimu ya Dini ya Kiislamu) wanasoma darasani na mtihani wanafanya, sisi huku tunataka tabia. Sasa mi nikajifanya mjuaji nikawatengenezea chati: swala tano, Qur'an ukurasa mmoja, kumsaidia mama, ukifanya weka tiki. Wiki ya kwanza karatasi zikarudi tiki tupu, nikazipiga picha nikarusha kwenye grupu la walezi, sifa kibao. Usiku nimetulia naziangalia vizuri, eti kuna dogo kaswali Alfajiri ya Jumapili ijayo. Na leo Ijumaa!

Nilicheka, ila iliniuma, maana uongo ule kalamu niliwapa mimi.

Nikarudi Surat Luqman, aya ya 13 mpaka 19, naisoma tangu madrasa na sijawahi kuangalia mpangilio wake. Luqman anamuusia mwanawe, anaanza na "ewe mwanangu", kwa upole, anamkataza shirki, yaani kumshirikisha Allah, aya ya 16 anamwambia jambo hata likiwa na uzito wa chembe ya hardali ndani ya jabali Allah atalileta, ndo ya 17 inakuja swala. Yaani mtoto anaambiwa aswali akiwa ameshajua yupo anayemuona. Mi wangu walijua nitaona mimi tu, tena Ijumaa kwa Ijumaa.

Ijumaa iliyofuata chati nikaiacha nyumbani, nikawauliza tu, Alfajiri inawashinda nini? Kimyaa. Mwisho mmoja akasema maji. Na kweli, mwezi wa saba Moshi hii, bomba liko uani, unafungua saa kumi na moja alfajiri vidole vinakufa ganzi. Nikawapa ile hadithi ya Mtume iliyo kwenye kitabu cha Imam Muslim kwamba kutawadha vizuri wakati nafsi haitaki kunafuta madhambi na kupandisha daraja, halafu nikaona aibu, nikakiri kwamba mi mwenyewe napashaga maji kwenye birika.

Yule dogo wa Jumapili akanikodolea macho. "Kaka, kumbe inaruhusiwa?"

Inaruhusiwa bwana.

"Sasa mkaa atawasha nani muda huo?"

Tukacheka wote, nikamwambia ayachemshe usiku ayatie kwenye chupa ya chai. Akasema ya kwao haina kifuniko. Kesho napita sokoni Mbuyuni kumtafutia.