Vito vya Rangi Moja

Msimu wa karafuu wa mwaka 1993 ulinikuta Pemba kwa bibi mzaa mama, nikiwa na miaka tisa. Mama mdogo alikuja likizo kutoka Muscat na mwanawe, ambaye alinizidi mwaka mmoja tu lakini akijiona mtu mzima, maana mkobani mwake mlikuwa na Game Gear, mashine ya mkononi ya michezo ya video.

Lilikuwa dude jeusi, pana, unalishika kwa mikono miwili kama usukani wa gari. Kioo chake kilikuwa cha rangi na kikiwaka chenyewe, kwa hiyo usiku, katika nyumba ya kandili, hakuna kilichong'aa kama kile. Tatizo lake lilikuwa tumbo. Lilikula betri sita kwa mpigo, na hata zikiwa mpya zilidumu saa tatu, zikijitahidi sana tano. Redio ya Bibi ilitia betri nne, na kwa hizo tulisikiliza habari na taarabu wiki baada ya wiki. Siku ya pili tu Bibi akalipa dude jina: Mla Betri.

Mchezo wenyewe uliitwa Columns. Vito vitatu hushuka kutoka juu, kimoja juu ya kimoja kama nyama za mshikaki, nawe unabadilisha mpangilio wao kabla havijatua, ili vitatu vya rangi moja vikutane wima, mlalo au mshazari. Vikikutana hutoweka, vya juu yake huporomoka, na pengine katika kuporomoka navyo hukutana na wenzao. Ukizembea, rundo hufika juu na umekwisha. Baadaye sana nilisoma kwamba aliyeubuni ni Jay Geertsen, mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi kampuni ya Hewlett-Packard, na kwamba Sega, waliotengeneza lile dude, waliununua. Wakati ule nilidhani umetoka Muscat, kama halua.

Ndugu yangu alikuwa hodari. Mimi nilikuwa kichekesho. Mchezo ulikuruhusu kugeuza vito viwe matunda, dadu, karata au vipande vya mraba, na yeye alipenda mraba. Alisema jicho halipotezi muda na maumbo. Basi mimi napanga vitatu vyangu vizuri, najiandaa kushangilia, navyo vimekaa palepale vinanitazama. Nikamwambia dude lake bovu. Akaniambia mbovu ni mimi.

Usiku mmoja watu wazima walikuwa barazani wakichambua karafuu, kuzitenga na makonyo. Harufu ile huganda kwenye vidole; utaila na wali, utalala nayo. Mimi nilikuwa pembeni mwa jamvi na zamu yangu, rundo likikaribia juu, kikaja kile kito cha kumeremeta. Hicho ni cha bahati: rangi yoyote kitakayoiangukia, vipande vyote vya rangi hiyo hufutika kioo kizima. Nikakilenga juu ya rangi iliyokuwa imejaa kila mahali. Kikatua. Ikatoweka nusu.

"Ona!" nikapiga kelele. "Bovu! Limefuta nusu!"

"Nusu vipi? Nyekundu zote zimekwenda."

"Na hizi je?"

"Hizo chanikiwiti."

Nilimtazama usoni nione kama ananicheza shere. Hakuwa anacheka. Akanyoosha kidole kwenye kipande kimoja kimoja: chanikiwiti, chanikiwiti, rangi ya machungwa, chanikiwiti. Kwangu mimi lilikuwa tope moja.

Barazani vidole vikasita. Aliyeinuka alikuwa mjomba.

Lazima nimseme mjomba kidogo. Nyumba nzima ilijua kwamba hapandi mkarafuu. Karafuu huchumwa pale zinapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu. Ukiwahi unachuma changa, ukichelewa zinafunguka maua. Yeye tangu utoto alikuwa akishuka na pakacha la changa na zilizoiva pamoja, anakaripiwa, kesho anarudia. Walimwita mvivu, halafu mkaidi, mwisho wakamwacha. Akaenda zake kwenye useremala. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi akimuuliza mama rangi ya shati kabla ya kuvaa, nami nikidhani ni utani wao.

Akachutama nyuma yangu, vumbi la mbao bado liko kwenye nywele za mkono. Akaweka ukucha juu ya kioo.

"Hiki na hiki, unavionaje?"

"Sawasawa."

"Na hiki?"

"Sawa."

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, kama anayehesabu fedha ya mtu, "Na mimi."

Bibi alikuwa anasikia yote. "Kamrithi mjomba wake," akasema, na kumrushia mwanawe jicho, kana kwamba ni ugonjwa alioniambukiza. Leo nikikumbuka hucheka peke yangu. Macho ya namna hii mtoto wa kiume huyapata kwa mama yake, na mama yangu na mjomba wameyatoa tumbo moja. Mwenye mali alikuwa Bibi mwenyewe.

Ndugu yangu, na hili namshukuru hadi leo, hakusema neno la kejeli. Alizima, akawasha, akabadilisha miraba kuwa matunda. Kila tunda na umbo lake. Mjomba akakaa kwenye jamvi na kulipokea dude kwa mikono yake mikubwa, akabonyeza kwa woga mwanzoni, halafu kwa kasi. Alikuwa akipanga vitu kama anayeunganisha mbao, haachi mwanya. Akapita alama zangu, akakaribia za ndugu yangu, mama mdogo akija kusimama nyuma kumshangilia, ndipo kioo kikafifia na kuzima. Betri. Alama zote zikaenda nazo.

"Nilikuwa nampita," mjomba aliapa. Ndugu yangu akakataa. Wamebishana hilo miaka thelathini.

Asubuhi tulianika zile betri sita juani, kama tulivyozoea kufanya ili zitoe pumzi za mwisho, kwenye ukingo wa jamvi la karafuu. Mjomba alikuja kuinama karibu na jamvi, nami nikainama naye. Bibi akatoka na uteo mkononi.

"Nyinyi wawili msiniguse karafuu zangu," akasema. "Geuzeni betri."