Maswali ya Daktari

Mwaka 2016, nikiwa na umri wa miaka 47 na kitinda mimba wangu amekwisha kuingia sekondari, niliona doa la kahawia upande wa kushoto wa sidiria niliyokuwa nikiifua. Nilidhani ni kutu ya kishikizo, lakini kesho yake doa lilikuwapo tena, bichi, na kwenye chuchu palikuwa na tone ingawa sikuwa nimeigusa. Wifi yangu, niliyekuwa nikikaa naye Morogoro, alishauri nikamue mpaka uchafu uishe, kisha nijikande kwa maji ya moto. Nilimshukuru, nikaenda hospitali.

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, aliniuliza mengi kabla hajanigusa, na kwa maoni yangu maswali yale yalikuwa nusu ya uchunguzi. Majimaji yanatoka yenyewe au mpaka nikamue? Titi moja au yote mawili? Natumia dawa gani? Aliponiona nashangazwa na swali la dawa, alinieleza kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, hupandisha homoni ya prolaktini, na mwanamke asiyenyonyesha akajikuta anatokwa na maziwa kwenye matiti yote mawili. Tezi ya shingo ikilegea kazi huweza kuleta hali hiyohiyo, na vilevile uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ambao wakati mwingine huambatana na kuumwa kichwa na kuona kwa shida. Wanawake hao hupimwa kwanza ujauzito, kisha damu. Mimi sikuwa mmoja wao.

Alinilaza, akapapasa titi lote mpaka kwapani, kisha akabonyeza taratibu kwa kidole kimoja kuzunguka ukingo wa weusi wa chuchu, hatua kwa hatua. Alipofika upande wa juu unaoelekea kwapani, tone lilichomoza kwenye tundu moja tu. Aliligusisha kwenye kipande cha shashi nyeupe, akakipeleka dirishani, na hapo nikauona wekundu ambao kwenye sidiria haukuonekana. Alinikataza kukamua nyumbani, hata kwa kujaribu tu, maana kukamua huchochea majimaji yaendelee kutoka.

"Ni saratani, daktari?"

"Mara nyingi siyo, mama, lakini damu inayotoka yenyewe kwenye tundu moja siiachi mpaka nijue inakotoka."

Nililipenda jibu hilo. Mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, haikuonyesha kitu. Ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha kinyama ndani ya mfereji wa maziwa, nyuma ya chuchu. Kipande kilichochukuliwa kwa sindano kilionekana kuwa papiloma, ambayo si saratani, lakini daktari wa upasuaji alitaka kuuondoa mfereji ule ili kinyama kipimwe kizima, kwa sababu sindano huweza kuikosa sehemu iliyobadilika. Alipasua pembezoni mwa weusi wa chuchu, na majibu ya maabara yakarudi bila saratani.

Wifi alinisindikiza siku ya kutolewa nyuzi, akakaa kimya mpaka daktari aliposema kwamba mwanamume naye akitokwa na majimaji kwenye chuchu achunguzwe bila kungoja. Kuanzia hapo aliuliza maswali mengi kuliko mimi, na jioni kaka yangu akatakiwa avue shati.