Bret Hart, shemeji yake, na mieleka ya Calgary

Ukihamia Calgary, kuna mambo matatu utayasikia mapema: mafuta, maonyesho ya Stampede kila Julai, na ukoo wa Hart, familia ya wanamieleka. Hili la tatu mtu mgeni anaweza kukaa muda asilisikie, lakini mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wazee wa mji huu walikulia humo. Ijumaa usiku walikuwa wakienda ukumbi wa Victoria Pavilion kutazama mieleka ya Stampede Wrestling, kampuni ya Stu Hart, baba yake Bret. Mzee mmoja ninayemwogesha asubuhi aliponiuliza kama Afrika tunamjua Bret Hart, mwanamieleka maarufu kuliko wote wa ukoo huo, nilimwambia: mzee, Tanga nzima ilimjua.

Na ni kweli. Sisi tulimjua kwa kanda za video, kwenye vibanda, wavulana tumebanana kwenye mabenchi, mlango umezibwa kwa kanga ili wasiolipa wasichungulie. Tulimjua yule bingwa wa nguo nyeusi na waridi, anayevua miwani yake na kumvisha mtoto aliyekaa pembeni ya ulingo kabla ya pambano. Tulimjua akiwa peke yake. Nilipofika huku na kuanza kusikiliza hawa wazee ndipo nikaelewa kwamba kabla ya hapo alikuwa nusu ya timu ya watu wawili kwa miaka kama sita, na siku hizi naamini kabisa kwamba ile miaka ndiyo iliyomtengeneza.

Baba yake, Stu, alizaliwa Saskatoon mwaka 1915, akakulia katika umaskini ambao wengi wetu tungeutambua: familia iliishi hemani kwenye tambarare za Alberta, na mwenye kujua baridi ya hapa anajua maana yake. Mieleka ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1948 akaanzisha kampuni yake, na yeye na mkewe Helen wakazaa watoto 12. Bret, aliyezaliwa 1957, ni wa nane. Nyumba yao ya matofali iko upande wa magharibi wa mji, mlimani, na chini yake kuna chumba kilichopewa jina la Dungeon, dari chini, magodoro sakafuni. Humo Stu aliwafundisha vijana kwa kuwabana viungo mpaka wakapiga kelele zilizosikika jikoni. Wanawe wote wa kiume waliingia kwenye mieleka kwa namna moja au nyingine, na mabinti wote wanne wakaolewa na wanamieleka.

Hapo ndipo anapoingia Jim Neidhart. Alikuwa Mmarekani, mrusha tufe, mtu wa zaidi ya kilo 120 mwenye ndevu za mbuzi na kicheko cha kutisha. Alikuja Calgary kujifunza kwa Stu akamwoa Ellie, dada yake Bret. Mwaka 1984 kampuni ya WWF ya Vince McMahon ilipoinunua Stampede Wrestling, Bret alikwenda nayo Marekani, na wakubwa wakataka kumvika kofia awe mchunga ng'ombe, kwa kuwa ametoka Calgary. Alikataa. Aliomba awekwe pamoja na shemeji yake. Mwaka 1985 ikazaliwa timu ya Hart Foundation, meneja wao akiwa Jimmy Hart, ambaye licha ya jina hana undugu nao wowote.

Kwa asiyejua, mieleka ya wawili wawili huenda hivi. Mmoja yumo ulingoni, mwenzake amesimama nje ya kamba kwenye kona, na hawezi kuingia mpaka waguse mikono. Mshindi hupangwa kabla, hilo halina siri tena. Kinachobaki kuwa kweli ni miili. Mtu anayenyanyuliwa na kutupwa anaangukia mbao zilizofunikwa godoro jembamba, na anayemtupa ndiye anayeamua ataanguka kwa mgongo mzima au kwa shingo.

Pigo lao la mwisho liliitwa Hart Attack. Neidhart anamkumbatia mpinzani kiunoni na kumwinua, miguu ikiwa hewani. Bret anakimbilia kamba, anarudishwa nazo kwa kasi, anaruka na kumpiga kwa mkono ulionyooka kifuani karibu na shingo. Ukilitazama polepole utaona kwamba Neidhart hamwachii yule mtu mpaka mgongo uwe umelala sambamba na sakafu. Jitu lile lilikuwa na mikono ya uangalifu. Kazini kwetu mgonjwa mzito hanyanyuliwi na mtu mmoja. Mimi na mwenzangu Mfilipino tunamwinua pamoja kwa mashine, mmoja anashika kichwa, mmoja miguu, tunahesabu, na hakuna anayeachia kabla ya mwenzake. Nikilitazama Hart Attack naona kazi yetu.

Pambano ambalo wazee wangu hawachoki kulizungumzia ni lile la Tampa, Januari 1987, Hart Foundation walipochukua mkanda wa ubingwa kutoka kwa British Bulldogs. Ukitazama majina utadhani ni Marekani dhidi ya Uingereza. Kumbe ni watu wa Calgary watupu. Bulldogs walikuwa Davey Boy Smith na binamu yake Tom Billington, aliyeitwa Dynamite Kid, vijana wa Lancashire waliovuka bahari kuja kufanya kazi kwa Stu. Davey Boy alimwoa Diana, dada mdogo wa Bret, na Billington alimwoa dada wa mke wa Bret. Yaani ulingoni walikuwa mashemeji wanne, na wawili kati yao ni wahamiaji kama mimi.

Billington alikuwa ameumia mgongo vibaya wiki chache kabla. Hakuweza kutembea mwenyewe. Davey Boy alimshikilia kutoka chumba cha kubadilishia nguo mpaka ulingoni, na mara pambano lilipoanza, Jimmy Hart akamgonga Billington kwa kipaza sauti chake. Akalala chini nje ya kamba mpaka mwisho, asiguswe tena. Watazamaji waliona ujanja wa meneja mwovu. Mimi naona watu waliotafuta njia ya kumkinga mwenzao aliyevunjika, kwa sababu mkanda ulikuwa lazima ubadilike mikono naye alikuwa lazima aonekane. Davey Boy alipigana peke yake dhidi ya mashemeji zake, nao Hart Foundation wakashinda.

Bret na Neidhart walichukua ubingwa huo tena Agosti 1990 huko Philadelphia, safari hii wakipendwa na watu, na wakaupoteza Machi 1991 mbele ya timu ya Nasty Boys. Baada ya hapo Bret akasimama peke yake, na mengine mnayajua: bingwa wa dunia Oktoba 1992, tena huko huko Saskatoon alikozaliwa baba yake, usaliti wa Montreal 1997, kengele ilipogongwa bila yeye kukubali kushindwa, na kifo cha mdogo wake Owen, Mei 1999, aliyeanguka kutoka darini kwenye ukumbi wa Kansas City. Haya yameelezwa sana. Kuhusu Owen, hapa mjini watu bado wanashusha sauti.

Bret hujivunia jambo moja kuliko mikanda: kwamba katika kazi yake yote hakumwumiza vibaya mpinzani hata mmoja. Mimi namwamini, na nadhani alijifunza hilo kwenye timu ya wawili, ambako mwili wa mume wa dada yako, baba wa wapwa zako, uko mikononi mwako kila usiku. Ndiyo maana inauma kwamba kazi yake mwenyewe ilimalizwa na teke la kichwa kutoka kwa mwanamieleka Goldberg, Desemba 1999. Mwaka uliofuata akastaafu. Kisha mwaka 2002, akiendesha baiskeli hapa Calgary, alianguka akapata kiharusi, upande wa kushoto ukafa ganzi. Ninawahudumia watu wa kiharusi. Najua hatua moja ya kwanza kwenda chooni inagharimu nini. Alijifunza kutembea upya.

Wengine hawakufika mbali. Davey Boy alifariki 2002 akiwa na miaka 39. Billington aliishia kwenye kiti cha magurudumu huko Uingereza, akafariki Desemba 2018, siku aliyotimiza miaka 60. Neidhart alikuwa amemtangulia Agosti mwaka huo huo. Biashara hii imekula watu, na siwezi kumwambia mwanangu aifuate.

Lakini kizazi cha tatu kiliifuata. Mwaka 2010 Harry, mtoto wa Davey Boy, na Tyson Kidd, kijana wa Calgary aliyefundishwa katika Dungeon, walishinda mikanda ya timu za wawili wakijiita Hart Dynasty, na pembeni yao alikuwa Natalya, binti wa Neidhart. Yeye bado yumo ulingoni hata leo.

Natalya ndiye aliyesimama mahali pa baba yake Aprili 2019, Brooklyn, Hart Foundation walipoingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa WWE, jina jipya la WWF. Bret, mwenye miaka 61, alikuwa katikati ya hotuba kuhusu shemeji yake, mtu mmoja kutoka kwa watazamaji akapanda jukwaani na kumwangusha. Wanamieleka wakamrukia yule mtu wakamtoa. Bret aliinuka, akarudi kwenye kipaza sauti, akaendelea kumzungumzia Jim mpaka akamaliza.